Usukani upi wa pikipiki kwa mchanga wa Tabora na milima ya Kigoma: wa kiwandani, wa juu, mnyoofu au wa vipande viwili?

Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, iwashe, iache ingurume taratibu. Zungusha usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Mngurumo usipobadilika, nyaya zako bado zina nafasi. Injini ikipandisha yenyewe unapofika mwisho, waya wa mafuta umevutwa, na hapo bado uko na usukani wa kiwandani. Ule mpana unaoning'inia dukani Gongoni kwa Tabora au Mwanga kwa Kigoma utaongeza kila upande sentimita kadhaa ambazo waya huo hauna.

Ndiyo maana usukani haununuliwi peke yake. Bomba lenyewe mara nyingi ndilo la bei nafuu katika kazi nzima. Gharama iko kwenye vitu vinavyofungwa juu yake: waya wa klachi, waya wa mafuta, waya au mpira wa breki ya mbele, nyaya za swichi, vioo. Tunaulinganisha kila usukani kwa mambo matatu, yaani njia unayopita, mzigo unaobeba nyuma, na urefu wa nyaya ulizonazo. Pikipiki tunazozilenga ni zile zilizojaa vijiweni: Boxer, TVS HLX na za Kichina za cc 125 na 150. Honda XL na Yamaha DT, zile za porini, tutazigusa pale zinapohusika.

Kabla ya kwenda dukani

Pikipiki ikilala ubavu mmoja, watu hukimbilia kusema usukani umepinda. Mara nyingi bomba ni zima, ila shokapu za mbele zimejisokota ndani ya vishikio vyake. Dalili yake ni gurudumu kutazama mbele sawasawa huku mkono mmoja ukiwa mbele ya mwenzake. Legeza kwa nusu mzunguko tu, bila kuzitoa, bolti zinazobana shokapu juu na chini, nati ya ekseli ya mbele na bolti za madigadi. Simama mbele ya pikipiki, libane gurudumu kwa magoti, vuta usukani urudi sawa, kisha kaza zote. Kazi ya dakika kumi, na hujanunua kitu. Ukitaka uhakika kuhusu bomba, chukua futi upime kutoka ncha ya kila mkono mpaka katikati ya siti kwa nyuma, gurudumu likiwa limenyooka. Tofauti ikibaki baada ya kunyoosha shokapu, hapo sasa usukani umepinda.

Lipo na lile la usukani mzito, au unaovuta upande. Mtu mmoja akandamize keria mpaka gurudumu la mbele lielee, wewe usukume usukani kwa kidole kimoja. Ukihisi unatumbukia katikati kama goroli iliyoingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimechimbika. Usukani mpana utaificha hiyo hali kwa sababu unakupa nguvu zaidi ya kuzungushia, lakini pikipiki itaendelea kuyumba kwenye mwendo. Badilisha beringi na vikombe vyake kwanza.

Vipimo vya kwenda navyo

Kipenyo cha sehemu inayoshikwa na klempu, yaani vibano vinavyoufunga usukani juu ya shingo, ndicho kinachoamua kama usukani utaingia au hautaingia. Pikipiki karibu zote za cc 100 mpaka 200 za huku hutumia bomba la milimita 22. Zipo sukani nene katikati, milimita 28.6, zinazopungua mpaka 22 kwenye mikono ili swichi na mipira viingie. Hizo zinadai klempu zake. Baadhi ya pikipiki kubwa za kutembelea zina 25.4. Mtindo wa kuzungushia bati la kopo kwenye bomba la 22 ili lijae ndani ya klempu ya 25.4 ni wa hatari: bati hujisaga, bomba hulegea, na siku unapokanyaga shimo usukani unazunguka kuja mapajani.

Baada ya kipenyo, pima upana kutoka ncha hadi ncha, kimo kutoka kwenye klempu mpaka usawa wa mikono, na namna mikono inavyorudi nyuma kukufuata. Kipimo cha nne husahaulika: urefu wa sehemu iliyonyooka kila upande. Mpira wa mkono huchukua kama sentimita 12, kisha ije swichi, kisha kishikio cha mkono wa klachi au breki. Ukipata chini ya sentimita 19 za bomba nyoofu, kuna kitu kitakalia kwenye kona, na kishikio kilichokalia kona hakikazi. Sukani za urembo zenye mapindo mengi huangukia hapa.

Wa kiwandani

Upana wake kwa pikipiki za vijiweni ni kama sentimita 70 hadi 75, bomba la chuma, kimo cha wastani, mikono ikirudi nyuma kidogo. Kwa bodaboda wa mjini, awe wa Kigoma–Ujiji au wa Tabora mjini, na kwa anayebeba mizigo, huu ndio usukani wetu wa kwanza. Nyaya zote zimekatwa kwa ajili yake. Umewekwa mahali ambapo uzito wa dereva unabaki kwenye gurudumu la mbele kiasi cha kutosha. Ukianguka nao unapinda, hauvunjiki, na mwingine wa aina ile ile unapatikana hata kwenye duka la vipuri la senta ndogo.

Udhaifu wake unaonekana unaposimama juu ya vikanyagio: mtu mrefu inambidi ainame, mgongo unauma, na mikono haina nguvu ya kutosha kwenye mchanga mzito. Lakini kabla hujauhukumu, ulegeze kwenye klempu uzungushe kidogo kwenda mbele. Kusogeza mikono sentimita 2 au 3 tu kunatosha mtu mrefu kuacha kujikunja. Kisha legeza vishikio vya klachi na breki, viinamishe mpaka vidole vilivyonyooka viwe mstari mmoja na mkono wako. Viganja vingi vinavyokufa ganzi saa tisa mchana vinatokana na hivi vishikio kukaa juu mno, wala si usukani.

Wa juu wenye bomba la kukingama

Huu ndio unaowavutia wengi, na ndio unaohitaji maneno mengi. Ni usukani wa pikipiki za porini: mpana, karibu sentimita 80, umenyanyuka, na katikati una kibomba kilichokingama kuunganisha pande mbili ili zisipinde kirahisi. Honda XL na Yamaha DT ni za ukoo huo. Kwenye Boxer au HLX unaingia iwapo ni wa milimita 22, lakini kwanza angalia kama lile bomba la kukingama haligongi kava la taa au spidimita. Kuna pikipiki ambazo usukani unaingia vizuri kwenye klempu ila kava lazima likatwe, na kava lililokatwa huanza kupiga kelele wiki ya pili.

Faida yake ni ya hesabu. Kutoka sentimita 70 kwenda 80, kila mkono unasogea kutoka sentimita 35 hadi 40 kutoka katikati. Nguvu inayohitajika kuzungusha gurudumu lile lile inapungua kwa karibu sehemu moja ya nane. Njia za mchanga za Sikonge, Urambo au Kaliua, ambako gurudumu la mbele linatafuta kukimbilia kila mfereji ulioachwa na tairi la lori la tumbaku, sehemu hiyo moja ya nane ni tofauti ya kufika na mabega mazima. Juu ya hapo, usukani ulionyanyuka unakuruhusu kusimama bila kuinama, magoti yakafanya kazi ya shokapu, na pikipiki ikacheza chini yako bila kukutupa. Anayekwenda kurina asali au kukagua mashamba akiwa peke yake, na mzigo mwepesi, aufunge bila kusita.

Sasa njoo upande wa mzigo. Chukua pikipiki yenye sentimita 125 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Funga gunia la mkaa la kilo 100, katikati yake ikiwa sentimita 20 nyuma ya ekseli. Gunia hilo linaondoa kilo 16 kwenye gurudumu la mbele kabla hujaondoka, kwa sababu linafanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya mbao iliyopitiliza nguzo. Panda mlima wa kwenda juu mita 1 kila mita 10, kama vile vipande vya Buhigwe na Kasulu: gunia ambalo katikati yake iko mita 1 kutoka ardhini linakuwa kama limesogea nyuma sentimita 10 zaidi, na kilo 8 nyingine zinaondoka mbele. Usukani wa juu unaomvuta dereva wa kilo 70 nyuma kwa sentimita 5 unaondoa karibu kilo 3. Ni chache, utasema. Lakini ni zile za mwisho. Gurudumu la mbele likishakuwa jepesi, usukani unatikisika mikononi, kwenye kona pikipiki inataka kwenda mbele badala ya kukata, na ukiachia klachi kwa pupa katikati ya mlima pikipiki inasimama kama mbuzi anayefikia majani.

Kwa hiyo usukani ule ule unaosifiwa Sikonge unaweza kuwa adha kwa anayepandisha madumu ya mawese na magunia kutoka bondeni. Akitaka kuufunga kwa sababu ya njia, apunguze mzigo unaopita nyuma ya ekseli: madumu yashuke pembeni mwa gurudumu, mazito yakae karibu na siti.

Kuna mlango pia. Pikipiki nyingi hulala sebuleni, na milango mingi ya nyumba za kupanga ina nafasi ya sentimita 80 au pungufu ukishaondoa fremu. Usukani wa sentimita 75 unapita wima. Wa 80, ukijumlisha vizito vya ncha, vile vyuma vinavyofungwa mwishoni mwa mikono, utauingiza kwa kuzungusha: mkono mmoja upite kwanza, usukani ugeuzwe, mwingine ufuate, na kila usiku rangi ya mlango inabaki kwenye mkono wa breki. Pima mlango siku ile ile unayopima usukani. Waendao kwenye vijia vya miombo nao wakumbuke kwamba upana unaosaidia mchangani ndio unaokamata kisiki, na kisiki kikikamata ncha ya kushoto, pikipiki inageuka kushoto yenyewe. Ukikata ncha kupunguza upana, kata sawa pande zote mbili, sentimita 2 kwa 2, baada ya kuhakikisha zile 19 za bomba nyoofu zinabaki.

Kwenye tope jeusi la mbuga za Igunga hakuna usukani unaosaidia. Tope likijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu halizunguki, basi. Pandisha madigadi au yatoe.

Mnyoofu

Bomba karibu lisilo na kimo, pana kiasi, linalomlaza dereva mbele. Vijana wanaupenda kwa sura na kwa namna pikipiki inavyoitika haraka kwenye kona. Kwa lami ya Tabora kwenda Nzega, mtu mmoja, bila abiria, unapendeza: upepo unakupiga kidogo na uzito unaongezeka mbele. Faida isiyosemwa ni kwamba nyaya hazivutwi, kwa kuwa mikono imeshuka. Zinakuwa ndefu kupita kiasi, zinapinda kwa mbele kama masikio, na waya uliopinda sana unakuwa mzito na kusagika ndani. Kosa lake kubwa liko kwenye tangi: zungusha usukani mpaka mwisho uone kama dole gumba linabanwa kati ya mkono na tangi. Ikibaki nafasi chini ya sentimita 3, uache. Geuza pikipiki mara moja kwenye njia nyembamba ukiwa na abiria na utajua kwa nini.

Wa vipande viwili

Kila mkono unafungwa peke yake kwenye bomba la shokapu, kwa mtindo wa pikipiki za mashindano. Huhitaji kubadilisha bomba lililopinda lote, kipande kimoja tu, na hilo ndilo zuri lake. Lakini kipenyo cha kishikio lazima kilingane kabisa na bomba la shokapu, mikono inashuka chini mno, uzito wote unakalia viganja, na barabara ya kokoto inapeleka kila kishindo kwenye kiwiko. Kwa kazi ya kila siku ya huku, hapana. Vivyo hivyo ule mrefu unaopandisha mikono usawa wa mabega: nyaya zote zinabadilishwa, mikono inakufa ganzi, na ukipanda mlima unakuwa umeng'ang'ania pikipiki badala ya kuiongoza.

Kunyanyua bila kubadilisha

Wapo ambao hawahitaji usukani mpya, wanahitaji sentimita 2 au 3 za kimo tu. Hao wanunue vipande vya kunyanyulia, vinavyokaa kati ya klempu ya chini na usukani. Upana haubadiliki, mlango unapita, na nyaya mara nyingi zinatosha mpaka sentimita 2. Angalia bolti. Bolti ya milimita 8 iliyoingia kwenye aluminiamu inatakiwa ishike uzi kwa milimita 12 au zaidi. Ukinyanyua kwa sentimita 3 huku ukitumia bolti za zamani, hata zikifika zitashika nyuzi mbili tatu, na hizo zitachomoka na kuacha tundu limechanika. Vipande vya kuchongwa gereji kutoka kwenye nondo, au viwili vilivyopandana, vinaongeza urefu wa nguzo inayotikiswa na havina mahali pa kujishikilia. Kimoja kinatosha.

Chuma, aluminiamu na mtumba

Chuma ni kizito kidogo na kinashika kutu, lakini kinakuonya: kinapinda kwanza. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, ila inachoka kimyakimya. Ufa huanza kama unywele pembeni ya klempu au pembeni ya tundu lililotobolewa, na siku ikikatika inakatika mara moja. Aluminiamu iliyopinda hainyooshwi. Ya chuma iliyopinda kidogo inaweza kunyooshwa ikiwa baridi ili ufike nyumbani, baada ya hapo ibadilishwe. Kurefusha au kuunga usukani kwa kuchomelea tusizungumze: bomba linakuwa gumu na dhaifu pembeni ya weldi, na ndipo linapokatikia, ukiwa umeushika.

Kwa mtumba, futa grisi kwenye sehemu ya klempu kwa kitambaa chenye petroli, kisha pitisha ukucha. Alama za kung'atwa na klempu ni za kawaida kwenye chuma. Mchirizi unaokamata ukucha kwenye aluminiamu, rudisha.

Bomba la aluminiamu lina ukuta mnene, hivyo tundu lake la ndani ni dogo. Vizito vya ncha vilivyokaa kwenye chuma havitaingia. Usiviache ukadhani ni mapambo, vinapunguza mtetemo wa injini ya silinda moja unaofika kwenye vidole. Nunua vinavyolingana na tundu jipya.

Nyaya, mahali pesa inapoishia

Chukua uzi wa mshonaji au kamba nyembamba. Shikiza usukani mpya juu ya klempu, mtu ausimamie, halafu fuatisha kwa kamba njia ile ile ya waya wa klachi kutoka kwenye kishikio chake mpaka kwenye injini, usukani ukiwa umezungushwa upande unaovuta zaidi. Linganisha na urefu wa waya wa zamani, ongeza sentimita 3 za kupumulia. Rudia kwa waya wa mafuta, na kwa breki ya mbele kama ni ya ngoma. Ukipata upungufu wa sentimita 1 au 2, mara nyingi dawa ni njia: waya uliokuwa unapita mbele ya shingo upitishwe pembeni, au utolewe kwenye kile kipete cha chuma kinachoubana. Upungufu wa 5 unataka waya mwingine. Nenda dukani na wa zamani mkononi, tafuta wa pikipiki ya porini wenye ncha zinazofanana pande zote mbili, kichwa cha risasi kwa kichwa, uzi wa kurekebishia kwa uzi.

Usikubali waya wa breki ya baiskeli uliotiwa kichwa cha kumwagia risasi gereji. Kwenye klachi kichwa huteleza kikachomoka ukiwa kwenye gia. Kwenye mafuta ni hatari zaidi, kwa sababu nyuzi zikichanika ndani ya ganda zinajikunja na kushikilia kabureta ikiwa wazi.

Breki ya diski ina mpira wake. Hapa hakuna kulazimisha. Mtu anyanyue mbele ya pikipiki mpaka shokapu zirefuke kabisa, usukani uzungushwe mpaka mwisho pande zote, na mpira ubaki umelegea. Ukikakamaa, unahitaji mrefu zaidi, washa (pete bapa) mbili mpya za shaba kila ncha, na kutoa hewa kwenye breki kwa mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kikopo cha mafuta hayo kikae sawa kama maji kwenye sahani pikipiki ikiwa inatazama mbele. Usukani mpya ukikiinamisha, kinaweza kunyonya hewa kikipungua, na mkono wa breki unakuwa laini kama ugali wa asubuhi.

Nyaya za umeme ndizo zinazolipiza kisasi polepole. Fungua taa ya mbele, utakuta soketi za swichi zimejazana ndani, na mara nyingi kuna sentimita kadhaa za kuvuta. Baada ya kufunga, zungusha usukani huku ukibonyeza kila kitu: honi, indiketa, taa, swichi ya kuzimia. Honi inayopiga yenyewe kona ya kulia, au injini inayozimika ukigeukia kushoto, ni waya unaobanwa shingoni.

Kufunga

Toa waya wa hasi wa betri kwa spana ya 10. Funika tangi kwa gunia au blanketi kuukuu. Piga picha kwa simu, pande zote mbili, namna nyaya zinavyopita. Baada ya saa moja hutakumbuka. Mpira wa kushoto hutoka kwa kuingiza bisibisi nyembamba na maji ya sabuni, kisha kuzungusha. Kama una diski, kitoe kishikio cha breki chote na kikopo chake, kining'inize wima kwa kamba, na usibonyeze mkono wake. Mafuta yakimwagika kwenye rangi, osha kwa maji hapo hapo.

Bolti nne za klempu mara nyingi ni za spana ya 12. Safisha klempu na bomba vikauke, bila grisi, bila rangi mpya. Weka bomba katikati kwa futi, si kwa jicho. Tazama kifuniko cha klempu: kama kina nukta, ielekee mbele, na bolti za mbele ndizo zinazokazwa kwanza mpaka chuma kiguse chuma, kisha za nyuma, na nafasi inabaki nyuma tu. Kisipokuwa na alama, nafasi ya mbele na ya nyuma iwe sawa, ukikaza kwa kupokezana. Nguvu ya kukazia ni kama Nm (nyutoni-mita) 24. Kwa asiye na spana ya kupimia, hiyo ni spana ya sentimita 15 ikivutwa kwenye ncha kwa uzito wa kilo 16, yaani chini ya dumu la lita 20 lililojaa. Kuongeza bomba kwenye spana ndiko kunakochana nyuzi za klempu.

Sasa swichi. Ndani ya kasha lake kuna kijino kinachoingia kwenye tundu la usukani. Usukani mpya pengine hauna tundu hilo. Fundi wa haraka hukisaga kijino kwa tupa akafunga. Upande wa kushoto utaishia na swichi inayozunguka. Upande wa kulia, kasha la mkono wa mafuta litazunguka pamoja na kiganja, livute waya, na pikipiki ipandishe mafuta bila kuombwa. Toboa. Funga kila kitu kwa mkao unaoutaka, weka alama, toboa kwa drili ndogo kwanza kisha ya kipenyo cha kijino, upande mmoja wa bomba tu, lainisha kingo kwa msasa. Ni sehemu ya mkononi, mbali na klempu, kwa hiyo bomba halidhuriki.

Mpira wa kulia uache milimita 2 kutoka kwenye kizito cha ncha. Ukigusana nacho, mkono wa mafuta haurudi. Ujaribu: fungua mafuta, achia ghafla, usukani ukiwa kushoto, katikati, kulia. Kila mara urudi kwa kishindo. Klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15 kwenye ncha ya mkono wake. Waya wa klachi uliokazwa bila mchezo unaifanya iteleze, na mlima mmoja wa Kasulu na mzigo utaziunguza sahani. Vishikio vya klachi na breki vikazwe kiasi kwamba ukivigonga kwa kiganja kwa nguvu vinazunguka. Pikipiki ikilala, kishikio kitazunguka badala ya mkono kuvunjika.

Siku ya kwanza tembea bila abiria na bila mzigo. Kaza tena bolti za klempu ukirudi, kwa kuwa bomba na klempu mpya hukaliana na bolti zikapata mlegeo mdogo. Usukani wa zamani usiupeleke kwenye vyuma chakavu. Upake mafuta, ufunge kwa gunia pamoja na nyaya zake, uweke uvunguni mpaka msimu wa mvua upite, maana huenda ukaurudisha.